Elementi Moja Mbovu: Kuokoa Betri Kabla Haijauzwa kwa Kilo

Umeme ukikatika Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, saa moja jioni, nyumba hugawanyika mara moja: kuna zenye betri na kuna zenye mshumaa. Ukipita mwaka mmoja au miwili huzuka kundi la tatu, la wale walionunua betri na bado wanawasha mshumaa. Betri yao ipo, imesukumwa chini ya meza. Siku moja atapita kijana mwenye mkokoteni akiulizia mitraille, yaani vyuma chakavu, naye ataipima kwa kilo kama viazi.

Kuiuza kwa kilo si kosa, ikiwa imekufa kweli. Shida ni kwamba betri nyingi zinazoondoka hivyo hazijafa. Baadhi zina chumba kimoja kilichoharibika na vitano vizima. Nyingine ni nzima kabisa, ila zimekaa na njaa miezi mingi. Mwenye kuzijua hali hizo anaweza kupata miezi au hata miaka zaidi ya mwanga kutoka kwenye kasha lililokwisha kuhukumiwa. Asiyezijua huuza mzima pamoja na maiti, au, vibaya zaidi, hulipasua kasha uani mbele ya watoto.

Vyumba sita kwa mstari

Betri ya risasi na asidi ni chombo cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Kasha la volti 12 lina vyumba sita vilivyotengwa kwa kuta. Vitabu huita kila chumba seli. Mafundi wa Lubumbashi, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, husema elementi. Ndani ya kila elementi mna mabamba ya risasi na mabamba yaliyopakwa oksidi ya risasi, yote yamezama katika maji yenye asidi ya salfuriki. Elementi moja iliyojaa hutoa volti 2.1 hivi. Sita zikifuatana zinafika 12.6.

Kufuatana huko ndiko kunakozaa taabu. Mkondo uleule lazima upite kila elementi, wala hakuna njia ya kando. Moja ikikwama, tano nzima husimama nyuma yake kama magari nyuma ya lori lililoharibika kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Ndiyo maana fundi akipima betri iliyotoka kuchajiwa usiku kucha na kukuta volti 10.5, hahitaji kuambiwa zaidi: ukitoa 2.1 katika 12.6 unabaki na 10.5. Elementi moja imefunga, mabamba yake yamegusana ndani.

Lakini namba hiyohiyo kwenye betri ambayo haijachajiwa haina maana hiyo. Huenda zote sita zimeishiwa. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanaitoa hukumu kabla ya kumlisha mgonjwa.

Njaa kabla ya ugonjwa

Kila betri inapotumika, salfati ya risasi hujijenga juu ya mabamba. Ikichajiwa, salfati huyeyuka na kurudi kuwa asidi. Ikiachwa wiki kadhaa bila kujazwa, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Kujaza nako kuna tabia yake. Sehemu ya kwanza, hadi kama asilimia 80, huingia upesi. Ile ya mwisho huingia polepole kwa saa nyingi, kwa sababu betri yenyewe hukataa kupokea mkondo mkubwa.

Ukiweka tabia hiyo kando ya ratiba ya delestaji, yaani mgao wa umeme, sababu ya vifo vingi inaonekana. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukirudi usiku wa manane na kuondoka kabla ya jua kuchomoza, chaja haipati nafasi ya kumaliza. Betri inaamka na deni, jioni inatumika, usiku inaongezewa deni jingine. Wenye paneli za jua wana deni la aina yao: kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya masika hupunguza mwanga, ilhali taa na televisheni za nyumbani hazipunguzi chochote.

Joto, ambalo ni muuaji mkuu wa betri katika miji ya pwani, huku si mshukiwa wa kwanza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai watu huvaa makoti. Betri inayokufa mapema hapa ishukiwe kwanza kuwa imekufa kwa njaa.

Kumtafuta mgonjwa

Vifaa ni vichache: multimita, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, ndoo ya maji safi, magadi ya kuzimulia asidi ikimwagika, na kipima-asidi, kile ambacho maduka ya vipuri huita pèse-acide. Ni mrija wa kioo wenye kibofu cha mpira juu na boya ndani. Boya likielea juu, asidi ni nzito na elementi imejaa. Likizama, elementi imeishiwa.

Kazi ifanyike nje au chini ya baraza. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo huweza kulipuka inapofika asilimia 4 tu ya hewa. Wako watu ambao, umeme ukiwa umekatika, huinamia matundu ya betri na mshumaa ili waone kama maji yamepungua. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kurushiwa asidi usoni. Tochi ya simu inatosha.

Jambo la kwanza ni kimo cha maji. Mabamba yaliyo wazi yafunikwe kwanza kwa maji ya betri, yaani yaliyokenekwa, hadi yazame tu. Kujaza hadi alama kungoje mwisho wa kuchaji. Maji ya forage, yaani kisima cha kuchimbwa, hayafai kwa sababu ya madini yake, na ya bomba yana klorini. Asidi isiongezwe. Kinachopotea kwa kuchemka ni maji peke yake; asidi inayoonekana kupungua imejificha kwenye mabamba, na kuchaji ndiko kutakakoirudisha. Anayemimina asidi mpya hupandisha boya bila kuiponya betri, kisha mabamba huliwa upesi zaidi.

Betri ikishapumzika usiku mmoja, kila elementi ipimwe na namba iandikwe kwenye karatasi, kuanzia upande wa nguzo chanya. Elementi iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280. Iliyobaki nusu husoma karibu 1.190, na iliyokwisha 1.120. Kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya kuongeza maji hakiaminiki, maana maji mapya hukaa juu ya asidi mpaka kuchaji kuyachanganye.

Sasa karatasi isomwe. Tuseme namba ni 1.155, 1.150, 1.155, 1.150, 1.155, 1.150. Hakuna mgonjwa hapo, kuna familia nzima yenye njaa. Tuseme tena ni 1.240, 1.235, 1.240, 1.120, 1.235, 1.240. Wa nne ndiye mshukiwa. Tofauti ya 0.050 au zaidi kati ya elementi moja na wenzake, ikibaki hata baada ya kuchaji vizuri, ndiyo mstari ambao mafundi wengi huutumia kutoa hukumu. Rangi nayo husaidia: asidi safi ni angavu kama maji, na iliyogeuka kuwa tope la kahawia inasema kwamba unga wa bamba chanya umeporomoka.

Kulisha polepole

Betri yenye njaa hailishwi kwa pupa. Kwa ile ya ampea-saa 100, mkondo wa ampea 3 au 4 kwa saa 24 hadi 48 hufanya kazi ambayo chaja kubwa ya gereji haiwezi kuifanya kwa saa tatu. Kwa kuwa umeme wa siku mbili mfululizo ni anasa katika mitaa mingi, paneli ya wati 50 ni msaidizi mzuri: jua likiwa kali hutoa karibu ampea 3, na anga la kiangazi la Lubumbashi halina choyo. Paneli iliyounganishwa bila kidhibiti isiachwe peke yake, kwani betri ikishajaa volti hupanda kupita 15 na maji huanza kuchemka.

Kipima-asidi kitumike kila baada ya saa chache. Namba zikipanda, hata polepole, kazi inaendelea. Zikisimama palepale katika vipimo vitatu vya saa moja moja, betri imepokea ilichoweza. Kasha likiwa la moto kiasi cha mkono kushindwa kulishika, kuchaji kukome mpaka lipoe. Digrii 50 ndio ukomo.

Huu ndio wakati wa kutazama ndani ya matundu. Karibu na mwisho wa kuchaji elementi nzima hutoa mapovu madogo mfululizo. Ikiwa tano zinachemka na moja imenyamaza, hiyo imefunga, na hakuna chaja itakayoifungua.

Sokoni zinauzwa pia dawa za unga za kufufua betri. Chumvi ya Epsom, ambayo ni salfati ya magnesi, hutajwa sana. Ijulikane kwamba chumvi yoyote ikiyeyuka hufanya maji kuwa mazito, kwa hiyo boya litapanda hata kama mabamba hayajapata nafuu. Mwenye kuitumia amejiharibia kipimo alichokuwa akikitegemea.

Mtihani wa mwisho ni wa mzigo. Betri iliyojaa ipumzike usiku mmoja, kisha iwashiwe taa ya mbele ya gari ya wati 55, ambayo hunywa ampea nne na nusu hivi, na saa zihesabiwe mpaka volti zishuke kufika 10.5. Betri mpya ya ampea-saa 100 ingeiwasha taa hiyo saa 20 au zaidi kidogo. Inayofika saa 10 imebakiwa na nusu ya nguvu zake, na nusu hiyo inatosha taa za LED na simu za nyumba nzima. Ile isiyofika saa 4 imekwisha. Wakati taa inawaka, elementi dhaifu hujitangaza: wenzake wakiwa bado na nguvu, yenyewe huishiwa kwanza na kuanza kutoa mapovu, kwa sababu mkondo wa wengine unaipita kinyumenyume. Mtihani ukiisha, betri irudishwe kwenye chaja siku hiyohiyo.

Nusu mbili kuwa moja

Kwa betri yenye elementi moja iliyokufa, wazo la kwanza la kila mtu ni kuirukia: kuunganisha waya kutoka elementi ya tatu hadi ya tano na kuendelea na zilizobaki. Hesabu inakataa. Elementi tano ni volti 10.5, kiwango ambacho inveta nyingi huanza kulia na kujizima. Kuchaji ni kubaya zaidi: chaja inayotoa volti 14.4 huzipa elementi sita 2.4 kila moja, ambayo ndiyo haki yao, lakini tano zitapewa karibu 2.9. Zitachemka mpaka zikauke.

Kunafaa zaidi kutafuta betri ya pili iliyokufa, ya ukubwa uleule na umri unaokaribiana. Kama ya kwanza imeoza upande wa elementi ya nne, ya tano au ya sita, nusu yake ya upande wa chanya ni nzima, volti 6.3. Kama ya pili imeoza upande wa kwanza, wa pili au wa tatu, nusu yake ya upande wa hasi ni nzima, nayo ni volti 6.3. Zikiungwa, hasi ya nusu ya kwanza kwa chanya ya nusu ya pili, inapatikana betri ya volti 12 inayochajiwa kwa chaja ya kawaida. Kila kasha linahitaji tundu moja tu, katikati.

Katikati hiyo ina mahali pake. Katika betri ya kawaida ya gari, ambayo nguzo zake mbili ziko kwenye ukingo mmoja mrefu, viungo vya ndani hupishana, kimoja nyuma, kimoja mbele. Kiungo cha elementi ya tatu na ya nne hukaa upande ulio mkabala na nguzo, sentimita chache chini ya kifuniko. Fundi hufika hapo kwa keekee ya mkono, si drili ya umeme yenye cheche, na baada ya betri kukaa siku nzima bila kuchajiwa, matundu yakiwa wazi na gesi imepepewa. Ncha ya keekee hupakwa grisi nzito ili chembe za risasi zing'ang'anie hapo badala ya kudondoka kati ya mabamba. Skrubu iwe ya chuma kisichoshika kutu, izungushiwe grisi, na tundu lizibwe kwa gundi ngumu.

Kazi hii ni ya fundi mwenye mkono uliozoea. Tena matokeo yake yana mipaka. Betri iliyoungwa hivyo isiwashe injini kamwe, kwa kuwa stata huvuta mamia ya ampea na kiungo cha skrubu ile kitayeyuka. Iwekewe fyuzi ya ampea 10 au 15 karibu na nguzo chanya. Nusu mbili za ukubwa tofauti zisioane: ndogo itaishiwa mapema, na kubwa itaisukuma mpaka iharibike.

Elementi zilizozaliwa huru

Kuna aina ambayo haihitaji kutobolewa popote. Vituo vya minara ya simu hutumia umeme wa volti 48, na baadhi yake huupata kutoka elementi 24 za volti 2, kila moja katika kasha lake, zikiungwa kwa bamba la shaba na boliti. Betri za forklift nazo hujengwa kwa elementi za volti 2. Safu kama hizo zikitolewa kazini, mara nyingi ni kwa sababu ya elementi chache zilizochoka, na zilizobaki huingia katika biashara ya mitumba.

Huku ndiko uokoaji uliko safi. Mnunuzi aende na multimita na kalamu ya rangi. Akatae kila elementi iliyovimba, yenye ufa au yenye unga mweupe mwingi kwenye nguzo. Iliyo chini ya volti 2.0 baada ya kupumzika aitilie shaka. Iliyo chini ya 1.8 aiache. Zilizobaki zichajiwe zote, zipumzishwe siku moja, zipimwe tena. Sita zinazotofautiana kidogo kabisa, na zinazobaki karibu baada ya kuwashiwa taa saa kadhaa, zifanywe betri moja. Tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi imegongwa kwenye kasha, isomwe kabla ya bei kutajwa.

Mahali pa kuweka vyombo chini

Kinachobaki baada ya haya yote ni risasi, na risasi ina kumbukumbu mbaya Afrika nzima. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, wakazi walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili kupata chembe za kuuza; kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha watu wa nyumba jirani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mtoto wake mchanga aliugua, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3; hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, mgodi wa risasi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, na udongo wake bado unaingia katika damu ya watoto.

Lubumbashi haina nafasi ya mzigo mwingine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga vilivyoonyesha kobalti nyingi mno. Risasi pia ilikuwa juu kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo kasha lisipasuliwe kwa shoka wala msumeno nyumbani, na risasi isiyeyushwe juu ya mbabula, jiko la makaa. Huyeyuka kwenye digrii 327, joto ambalo makaa hulifikia bila shida, na vumbi lake hutua kwenye sufuria ya bukari, yaani ugali, na kwenye mikono ya anayetambaa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Asidi nayo ina jaribu lake la hapa. Malori yanayoibeba kwenda migodini hupita kila siku, na ile ya viwandani hupatikana kwa njia za panya. Ile ni karibu asilimia 98. Ya betri ni kama asilimia 37. Februari 2019 lori la asidi liligongana na basi kijijini Kabwe, si kile cha Zambia bali hiki cha njia ya Kolwezi, na watu wapatao 20 wakafa. Hakuna betri ya nyumbani inayohitaji kimiminika hicho.

Betri iliyoshindwa mitihani yote ifungwe vifuniko vyake, asidi ikiwa ndani, isimamishwe wima ndani ya beseni la plastiki na iwekwe mbali na watoto. Kasha lichorwe alama ya X kwa rangi, ili lisirudi sokoni kwa mnunuzi mwingine kama zima. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na mnunuzi wa mitraille anajua hilo, kwa hiyo ipimwe kwenye mizani ya nyumbani kabla hajafika. Akitaka kuimwaga asidi mferejini ili kupunguza uzito wa mkokoteni, auziwe mwenzake atakayeibeba kama ilivyo.